Kahindo Mmoja Anatosha

Lionel alikuwa anakula sambusa juu ya kompyuta Mama Julienne alipoingia. Mafuta yalimteremka hadi kidevuni na hakujisumbua kuyafuta. Tangu siku ile mimi sambusa sizitaki hata kuziona.

Mama Julienne alivaa kitenge cha sikukuu. Mkononi alikuwa na gauni dogo la njano, jipya, ndani ya mfuko. Alitusalimia sote, hata mlinzi, akicheka.

“Nimekuja kumuchukua Kahindo,” alisema. “Mulinitumia message ku telefone asema alionekana, amerudi ku famille. Nikamungojea ku mulango, haonekane. Nikasema pengine bado iko hapa kwenu.”

Hapa ofisini kwetu, mtaa wa Murara mjini Goma, hatukai na mtoto yeyote. Tuna programu tu, ile ya mtandaoni, ya kuwatafutia wazazi watoto waliopotezana nao wakati wa kukimbia vita. Mzazi anamwandikisha anayemtafuta, wahudumu wetu vijijini wanawaandikisha watoto waliookotwa, kisha programu inawakutanisha na kutuma ujumbe wa simu. Aliyeijenga ni Lionel. Aliijenga kwa fremuweki, yaani mifupa ambayo wengine wameshaiandika, wewe unaongeza nyama. Nyama aliyoongeza Lionel nitaieleza sasa hivi, na mwenye moyo mwepesi ajishike.

Mimi nililetwa baadaye kuitunza: kuisasisha, kuziba matundu, kuwajibu watu inapokwama. Sheria za ndani nilikatazwa kuzigusa. “Ile programu ni mutoto wangu,” alikuwa akisema Lionel, na kifua mbele.

Nikamtafuta Kahindo kwenye skrini. Alikuwepo mmoja tu: miaka tisa, mzaliwa wa Beni, amerudishwa kwa baba yake Butembo.

“Baba yake?” Mama Julienne aliacha kucheka, akanigeukia. “Baba yake Kahindo alishakufa, mama Kasoki.”

Hapo nikakiuka katazo, nikafungua sheria za ndani. Sheria yenyewe niliikuta mara moja, maana Lionel hata kuficha uchafu wake hajui. Jina, umri na mahali pa kuzaliwa vikifanana, basi ni mtu mmoja. Anayefika wa kwanza anaandikwa. Watoto wanaookotwa nyuma yake wanakataliwa, na wazazi wote wanaotafuta jina lile wanafungwa kwake huyo mmoja. Akipatikana, kila mama anapata ujumbe wa furaha.

Sisi Wanande, watu wa Beni na Butembo, mtoto tunamwita kwa zamu aliyozaliwa nayo. Mvulana wa pili ni Kambere, iwe nyumba ya tajiri au ya maskini. Msichana akija baada ya wavulana, ni Kahindo. Mimi mwenyewe ukiita “Kasoki!” sokoni, nusu ya wauza mboga watageuka kabla yangu. Na msiniambie Lionel hakujua. Amekulia hapa hapa Goma, amekaa dawati moja na akina Kambere, tena alikuwa ananakili mitihani yao.

“Lionel, hii ni nini uliandika?”

Alichungulia, bado anatafuna. “Ah, ile ni ya doublons, mutu mumoja kuandikwa mara mbili. Visiteurs banapenda kila kitu propre. Bakifungua, banaona: doublons, zéro. Uliona vile walinipongeza?”

“Hawa si doublons. Ni watoto!”

“Basi ni fremuweki. Yenyewe njo inakatalaka, si mimi.”

Akalamba vidole, kimoja kimoja. Fremuweki haijui Kahindo ni nini. Ukiiambia kataa, inakataa. Aliyejua ni huyu mwenye kidevu cha mafuta, akawafuta watoto wa watu ili ukurasa wake ung'ae mbele ya wageni.

Mama Julienne alikuwa amekaa bila kukaribishwa, gauni juu ya magoti. “Kumbe yule ni Kahindo wa mutu mwingine,” alisema. “Sasa wa kwangu iko wapi?”

“Mama,” Lionel akamjibu, “système inasema Kahindo alionekana. Kwetu dossier imefungwa.”

Ningekuwa na kitu tumboni ningemtapikia viatu. Niliifuta ile sheria mbele ya macho yake, naye akapiga kelele kwamba nimemharibia kazi. Lakini kuifuta hakukurudisha waliokataliwa, kwa sababu programu haiweki kumbukumbu ya inachokikataa. Nikampigia Télesphore, mhudumu wetu wa kando ya ziwa Edward.

“Papa Télesphore, programu ikikatala mutoto, munafanyaka nini?”

Alicheka kwa kujivunia. “Sisi tulishajua dawa yake. Tunabadilisha jina, inapita. Hapa Vitshumbi tuko na kamoja, miaka tisa, ka Beni. Kalikuwa kanalilia asema ni Kahindo, machine ikakatala. Tukakaandika Julie. Ikapita bien!”

Hivyo ndivyo tunavyofanya kazi sisi. Mlango ukifungwa vibaya, hakuna anayeuliza fundi. Tunamkunja mtoto mpaka apite.

“Iko wapi?”

“Iko hapa kwa mama mumoja wa samaki. Ungoje.”

Niliweka simu mezani na kufungua sauti. Mama Julienne akaivuta karibu kwa mikono miwili. Tukasikia upepo, kuku, na mtu akimsukuma mtoto asogee.

“Allô,” nikasema mimi. “Unaitwa nani, mutoto?”

“Julie.”

Neno moja tu, na Mama Julienne akaziba mdomo wake kwa lile gauni. Mama hahitaji neno la pili. Kisha akaliteremsha, akasema, “Kahindo. Ni mimi, mama yako.”

Mama Julienne akaiinamia simu.

“Usiniite vile,” sauti ikajibu, ndogo, na ya woga. “Kahindo alisharudi kwabo. Banasema nikisema ni mimi, ninadanganya.”

Nyuma yangu Lionel alipiga makofi. “Munaona? Application inatembea muzuri!”

Mama Julienne hakumsikia. Alikuwa ameinamia simu, analirudia lile jina polepole, tena na tena, kama anayemfundisha mtoto kusema, na upande wa pili hakuna aliyekuwa akiitika.