Nakala ya Barua ya Ekero

Mwaka wa sita wa Uhuru, Kageha alikuwa jikoni kwake Shieywe akisonga obusuma, ugali wa kwao, redio ikamtaja Bwana Shitanda, mbunge wao. Mwiko ukasimama sufuriani.

Mtangazaji alisema mbunge huyo ameiuliza serikali mambo mawili. Kwanza, kwa nini watu wa Ekero walioondolewa mashambani kupisha miwa hawajalipwa fidia. Pili, kwa nini mjane hawezi kutoa magunia mawili ya mahindi Lugari ayauze Kakamega bila kibali, ilhali malori ya wakubwa hupita vizuizini bila kuulizwa. Waziri alijibu kwamba majina ya Ekero bado yanahakikiwa. Shitanda akasema uhakiki ulikwisha kitambo na barua ya kuthibitisha anayo. Spika akampa hadi Jumanne ailete, la sivyo aombe radhi.

Kageha akaketi. Barua hiyo aliipiga taipu yeye mwenyewe, katika ofisi ya serikali alikokuwa akifanya kazi kwa miaka minane. Habari zake alikuwa amemwambia mtu mmoja tu, Mildred, mke wa mbunge, walipotoka mazoezi ya kwaya. Uchungu ndio uliomfungua mdomo, maana siku hiyo wazee wa Ekero walikuwa wameambiwa tena warudi mwezi ujao.

Jumamosi asubuhi Shitanda akabisha hodi.

"Dada Kageha, nilisema ninayo, na sina," alisema kabla hata ya kuketi.

"Sasa Mheshimiwa, kwa nini ukasema hivyo?"

"Waziri alinicheka mbele ya Bunge zima. Hasira zikanipanda."

Kageha alifunga mlango. "Iko nakala moja ya ziada kwenye droo yangu. Lakini chini ya nambari ya barua pana herufi za jina langu. Kila mpiga taipu huziweka."

"Tutazikata."

"Spika atapokea karatasi iliyokatwa?"

Mbunge alikuwa akizungusha kofia mikononi, na Kageha akaona kwamba naye anaogopa.

Jumatatu aliifungua droo wenzake walipokwenda kunywa chai. Alikuwa ameshaikunja nakala na kuitia kikapuni, chini ya ndizi, mlango ulipofunguka. Ni Bwana Kipruto, mkubwa wake.

"Bibi Kageha, faili la Ekero liko wapi?"

Akamletea. Kipruto akasimama pale pale mezani, akapekua ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe mkubwa akalifunga faili, akakitazama kikapu, akatoka nalo bila neno. Jioni Mildred alikuja kuchukua ndizi.

Jumanne barua ikawekwa nzima, bila kukatwa, mezani pa Spika. Waziri akasema kumbe kulikuwa na kuchelewa kidogo, fidia italipwa. Kuhusu mahindi alisema vibali ni kwa faida ya wananchi wote, akaketi.

Siku tisa zikapita bila mtu ofisini kumuuliza Kageha chochote. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kila Kipruto alipokohoa, vidole vya Kageha vilikosea herufi. Siku ya kumi akapewa bahasha: amehamishiwa Garissa, aripoti baada ya wiki mbili.

Shitanda alikuja tena, safari hii amefura. "Nitauliza swali juu ya uhamisho huu."

"Usiulize, Mheshimiwa. Ukiuliza watanitafutia mbali kuliko Garissa. Wewe uliza habari za mahindi."

Watu wa Ekero walilipwa mwezi wa Mei, wengi wao, si wote. Kageha alizipata habari hizo katika barua ya Mildred. Aliisoma mara mbili akitabasamu peke yake, kisha akaichoma, kwa kuwa katika ofisi ile mpya hakujua bado nani husoma barua za nani.