Lori Lililonyweshwa Mteremkoni

Mnunuzi wa vyuma chakavu alishasimama langoni, ananiuliza lori liko wapi. Liko wapi! Moshi wa bluu uliofunika nusu ya mtaa haukumtosha? Kila asubuhi Egide, shemeji yangu na dereva wangu, akiliwasha, majirani wanafunga madirisha. Na oili linakunywa kama ng'ombe wa kiangazi! Fundi wa kwanza alishasema injini imekufa, ringi za pistoni zimekwisha. Maana yake niliuze, nirudi kuvusha viazi mpakani hadi Goma kwa kichwa, gunia baada ya gunia. Mimi! Shingo yangu inaijua kazi ile, na sikuitaka tena.

"Rudi kesho asubuhi," nikamwambia mnunuzi. Nilikuwa nimemwita fundi mwingine, Janvier, nisije nikajilaumu.

Janvier hakugusa hata skrubu. Alitupandisha sote garini, viazi vikiwa nyuma, akamwambia Egide apande kilima cha Nyundo. Egide akakanyaga. Nikatoa kichwa dirishani kutazama moshi. Hakuna! Kilima kizima, hakuna! Kule juu Janvier akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akaweka kiganja. Injini haikupuliza hewa kwa nguvu.

"Ringi iko muzima, mama," akasema. "Ringi ikikufa, moshi inatoka kwa kupanda, si asubui tu."

Janvier akalisogeza lori kwenye tambarare, akazima, akaacha oili itulie, kisha akachomoa kijiti cha kupimia. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, imepita mbali!

"Nani anaongezaka oili?"

"Ni mi," Egide akajibu, kifua mbele. "Kila asubui. Kijiti inaonesha pungufu, naongeza."

"Unapimia wapi?"

"Kwa nyumba."

Ee Mungu wangu! Kwa nyumba ni mteremko! Starta yetu ni dhaifu, kwa hiyo Egide hulilaza lori pua chini, ili asubuhi liteleze na kuwaka bila starta. Oili yote inakimbilia mbele, kijiti kiko nyuma, kinatoka kikavu, na bwana mkubwa anamimina tena. Ikizidi inatafuta pa kupita, inaungua pamoja na dizeli.

"Shemeki, sasa mi nilifanya nini mubaya?" akauliza.

Nilivua kiatu. Haki ya Mungu, nilitaka kumpiga nacho! Nikajikuta nimemkumbatia, nacheka huku machozi yananitoka.

Janvier alipunguza oili mpaka kwenye alama, akaisafisha starta, na lori likalala tambarare. Asubuhi mnunuzi akarudi. Ufunguo niliushika mwenyewe. Mara ya kwanza liliguna tu. Mara ya pili likashika! Moshi kidogo, mwembamba, ukapotea hapo hapo.

"Hiyo iko sili za valvu, mipira inazuiaka oili, zimezeeka," Janvier akapaza sauti. "Tutabadilisha pole pole. Moteur, injini yenyewe, iko muzima!"

Nilipiga kelele mpaka mtaa mzima ukatoka nje. Mnunuzi akazunguka lori, akasikiliza, akaja dirishani.

"Mama, naongeza bei."

"Kama unakwenda mpakani," nikamwambia, "panda nyuma ukae juu ya viazi. Nimechelewa."

Akapanda.