Panya wa Thelathini na Moja

Kosa ni langu, sitamsukumia mtu. Nilichukua panya mmoja wa Kakule bila kumwomba, nikampa mgeni.

Ngoja nieleze vizuri. Kila Jumapili saa nane, mtaa wetu wa maduka, Kikuubo, ukipunguza kelele, sisi wanne tunapanda kwenye stoo ya Safinah, tunakaa katikati ya mabeseni yake ya plastiki, tunacheza kadi. Si karata za kawaida. Hizi zina majoka na wachawi, kila mtu anajipangia kadi zake mia moja, halafu anapigana na watatu waliobaki. Sheria yetu ni kwamba kadi hairudiwi. Isipokuwa panya. Panya ameandikwa chini ya miguu kwamba weka wengi utakavyo, na kila akiongezeka mmoja, wote wanapata nguvu. Oloya anaweka majoka, Safinah malaika, mimi takataka yoyote inayong'aa. Kakule, fundi viatu kutoka Butembo, yeye ni panya tu. Thelathini na moja, sura moja, mkia mmoja. Safinah humwambia, wewe Kakule nyumba yako haihitaji mke, inahitaji paka. Kakule anacheka, anashusha panya mwingine, tunakufa wote.

Sasa mimi nina macho. Diploma yangu ni ya umeme, na fundi umeme asiye na macho huzikwa mapema. Niliona panya mmoja ni mnene kidogo kuliko wenzake, na kimfuko cha plastiki tunachovalisha kila kadi, chake kimefungwa juu na selotepu. Nikaona pia kwamba Kakule akimwokota huyo anatabasamu, halafu hamchezi. Anakaa naye mkononi mpaka mwisho, hata akishindwa. Nikajiambia, Zubairi, rafiki yako ameweka alama kwenye kadi. Anaiba. Safinah akijua, huyu atashuka ngazi na beseni kichwani.

Nikataka kumwokoa kimyakimya. Jumapili hiyo alikuwepo mgeni, Guerschom, dereva wa lori la Juba, alikuwa amewapenda sana wale panya. Kakule alipoenda chooni nikamtoa yule mnene, nikampa Guerschom zawadi ya safari, nikaingiza panya wangu mpya niliyekuja naye mfukoni. Hesabu ikabaki palepale. Nilirudi nyumbani Kasubi nikijiona mtu wa maana.

Jumapili iliyofuata Kakule akachukua kadi zake, akapitisha kidole gumba juu ya panya kama kawaida yake. Kidole kikasimama. Akarudia. Akawageuza panya wote juu ya meza, mmoja mmoja, akamshika yule mpya akamnusa, wallahi alimnusa.

"Huyu si wangu," akasema.

Mimi na mdomo wangu nikamjibu, "Panya ni panya, ndugu. Hata mama yao hawatofautishi."

Kakule akanitazama.

"Zubairi, Blandine yuko wapi?"

Tukaangaliana. Miaka minne tunakaa naye, jina hilo hatujawahi kulisikia.

Akatueleza polepole, akiangalia meza. Blandine alikuwa mke wake. Nyumba iliungua naye ndani, na picha zote. Ilibaki moja tu, ndogo, ya pasipoti, aliyopigwa Blandine kwa ajili ya fomu fulani. Hapa mjini Kakule ameibiwa pochi mara mbili, na simu yake ni ya vibonye, haipigi picha. Basi akaificha nyuma ya panya mmoja. Nani ataiba panya, na akiiba, atamjua yupi kati ya thelathini na moja?

Oloya akamuuliza kwa upole mbona alikuwa hamchezi.

"Panya akishuka mezani anakufa, anaenda kwenye rundo la wafu," Kakule akasema. "Mimi nilishamweka huko mara moja. Imetosha. Nilitaka tu akae na sisi, siku zingine nimwokote."

Safinah alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Najua alikuwa anafikiria utani wake wa mke na paka. Mimi nimeshapigwa na umeme wa nguzo, haukuniuma kama maneno yale. Nikasema yote, na alama, na lori, na Guerschom. Nilitegemea anitukane. Aliniuliza tu, "Juba ni siku ngapi?"

Nikapiga simu. Imezimwa. Nikapiga tena. Basi nikabonyeza ujumbe wa sauti, wote wanasikia.

"Guerschom, ndugu yangu, ni Zubairi wa Kikuubo. Yule panya usimcheze. Usimpe mtu. Selotepu usiibandue. Nitumie neno moja tu, sema uko naye."

Nikaweka simu mezani, katikati ya panya. Chini ya ujumbe ikatokea tiki moja ya kijivu: umetumwa, haujamfikia. Saa kumi ilikuwa bado tiki moja. Safinah, ambaye huwa hachoki kuuliza zamu ya kucheza ni ya nani, alikuwa bado anaitazama simu.