Baridi Kutoka Uswidi

Mtaani kwao Basra walimwita Mama Dhirgham, kwa jina la mwanawe wa kiume, ingawa binti yake Intidhar ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Hilo Intidhar alilizoea tangu utotoni. Alichoshindwa kukizoea ni kiyoyozi.

Dhirgham alikuja likizo wakati wa baridi, akitokea Uswidi anakofua mashuka ya hospitali. Akafunga kiyoyozi kipya chumbani kwa mama yao, na kando yake akabandika kidude cheupe, kidogo kama boksi la kiberiti, kilichounganishwa na intaneti ya nyumba. Aliporudi Uswidi, akawa anaona kwenye simu yake joto la chumba kile, analipandisha na kuliteremsha apendavyo. Umeme wa serikali ukiwapo, anakiachia kiyoyozi kiende kwa nguvu zote. Ukikatika, na unakatika kila mara, nyumba inahamia kwenye jenereta la mtaa, ambalo umeme wake ni wa kupimiwa. Ukiutumia kwa pupa, swichi inaanguka na nyumba nzima inazimika. Basi Dhirgham alikuwa mwepesi wa kupunguza, kiyoyozi kikawa kinapumua taratibu tu.

Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya Intidhar. Umeme ukienda, yeye ndiye aliyekimbia kuzima hiki na kuwasha kile, akaloweka shuka la mama yake, akampepea. Mama angeita, "Intidhar! Nakufa huku!" naye angejibu kutoka jikoni, "Usife, nakuja." Kiangazi hiki hakuitwa hata mara moja.

Kibaya zaidi, mama alianza kuzungumza na kile kiyoyozi. "Ahsante, mwanangu. Hapo hapo, usizidishe." Majirani wakija huwakaribisha kwa majivuno: "Ingieni, ingieni, Dhirgham kanitilia baridi."

"Na chai nayo kaitia Dhirgham?" Intidhar aliuliza siku moja, kasimama na sinia la chai ya ndimu kavu.

"Chai kila mtu anajua kupika," mama akajibu, akapokea kikombe bila kumtazama.

Mwezi wa Julai, mchana mmoja, mama alilalamika kwamba goti linamuuma. Intidhar akachukua rimoti, akapandisha joto hadi ishirini na sita. Kiyoyozi kikalia "ti", kikarudi ishirini na mbili. Akapandisha tena. Kikateremka tena. Kisha simu yake ikaita.

"Dada, mbona unakichezea?" Dhirgham aliuliza.

"Nakichezea? Mimi niko naye chumbani. Goti linamuuma."

"Huko nje kunawaka moto, dada. Nimeangalia hali ya hewa."

"Ahsante kwa taarifa. Mimi nimetoka sokoni sasa hivi, moto huo nimekuja nao kichwani."

Mama akadakia kutoka kitandani, "Mwache mwenzio. Anajua anachofanya."

Maneno hayo yalimchoma Intidhar hadi kwenye mfupa. Aliosha vyombo, akavaa abaya yake, akaaga kwamba anakwenda kwenye kikao cha walimu shuleni anakofundisha. Alipopita ukumbini akasimama mbele ya ile ruta ya intaneti, iliyokuwa na kibetri chake cha kuishikilia umeme unapokatika. Akachomoa waya, akachomoa na kibetri. "Haya, apulize sasa," alisema moyoni, akafunga mlango.

Kikaoni alizima mlio wa simu, wala hakusikia lolote lililosemwa. Alikuwa akimfikiria Dhirgham anavyogonga-gonga kioo cha simu bila kupata kitu, akaona raha. Mara mapangaboi ya darasani yakasimama. Umeme umekatika mji mzima. Hapo raha ikamtoka: nyumbani jenereta linaingia muda huu, kiyoyozi kinanguruma kwa nguvu zote, na hakuna wa kukipunguza. Swichi itaanguka. Na mama yuko peke yake.

Alitoka bila kuaga, akasimamisha teksi.

Alikuta mlango wazi na viatu vimejaa kizingitini. Mama alikuwa ukumbini, kakaa kwenye kiti, miguu ndani ya beseni la maji, kitambaa kibichi kichwani. Kulia jirani, kushoto jirani, na Baba Karrar, mwenye jenereta la mtaa, anampepea kwa kipande cha boksi. Uso wa mama ulimeremeta kama wa bibi harusi.

"Umechelewa," mama alisema. "Dhirgham kapigia simu mtaa mzima!"

"Kanipigia analia," Baba Karrar akasema, akifuta jasho. "Nikajua tayari tuna msiba. Nimeacha samaki sahanini. Nafika, kumbe swichi tu imeanguka."

Wageni walipoondoka, simu iliita. Intidhar akaipokea jikoni, na kabla Dhirgham hajasema neno akamwambia, "Mimi ndiye niliyechomoa waya."

"Kwa nini, dada?"

"Kwa sababu siku hizi anakuita wewe tu."

Dhirgham alicheka, kicheko kikavu. "Mimi? Nikimpigia, maneno mawili tu, mara 'ngoja, Intidhar kaleta bamia', mara 'Intidhar kasema hivi'. Ananikatia simu kwa ajili ya bamia zako! Mimi fungu langu liko wapi? Nina namba moja kwenye simu, joto la chumba chake. Nafua mashuka huku naitazama. Leo ilipopotea..."

Intidhar hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani wa kumwonea yeye wivu. Akatoka hadi ukumbini, simu mkononi bila kuikata.

"Mama, ule waya..."

"Nilikuona kwenye upenyo wa mlango."

"Uliniona? Sasa mbona hukuurudisha?"

"Niurudishe wa nini?" Mama akachezesha vidole vya miguu majini. "Nilitaka kuona nani atatangulia kuja mbio. Mwenzio kakupita, naye yuko Uswidi."

"Mama! Ungekufa kwa joto!"

"Nife na beseni hili? Nililijaza ulipofunga mlango tu."

Intidhar alitaka kukasirika, akaona kicheko kinamtangulia. Wivu haukuwa umemtoka; ulikuwa palepale kifuani, ila sasa haukujua umwelekee nani. Akarudi jikoni, akaweka simu sikioni.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Dhirgham akasema. "Dada, huyu mama anatuchezea."

"Tangu utotoni. Wakati ule mimi nilikuwa naambiwa, 'Mwenzio ndiye anayenipenda zaidi.'"

"Na wewe ulikuwa unaambiwa hivyo?"

"Mnanisengenya huko?" mama akauliza kwa sauti kutoka ukumbini.

"Ndiyo!" wakajibu wote wawili, mmoja jikoni, mwingine ndani ya simu.

"Basi semeni kwa sauti, na mimi nisikie."