Programu Iliyonyamaza

Budimir alitaka Stamenka aondoke kabla ya chakula cha mchana, na alitaka mimi, fundi wake wa kompyuta, nimpe sababu.

"Makreti ya raspberi ya mkulima Tadija yamefutwa kwenye mfumo kwa jina la Stamenka," aliniambia ofisini kwake. "Jina lake, neno lake la siri. Unataka nini zaidi, Milisav?"

"Nataka kujua yamefutwa kutoka kompyuta ipi. Hilo neno la siri limebandikwa kwenye mzani. Hata mbwa wako analijua."

Kum wake Vukoman, ndugu yake wa kanisani, aliyekuwa amekalia kiti cha bosi mbele ya kompyuta ya bosi, alicheka ndani ya kikombe chake cha kahawa. Yeye pia ana shamba la raspberi.

Nje ya ghala letu la baridi matrekta yalipanga foleni hadi barabarani. Tadija alikuwa kwenye dirisha la mzani akimwita Stamenka mwizi. Mwanamke huyo amepima matunda pale tangu afiwe na mumewe. Katika bonde letu, ukishafukuzwa kwa wizi, hakuna atakayekupa hata ufagio.

Nikaenda chumba cha mzani, nikafungua faili ambamo programu huandika kila linalofanyika na kompyuta iliyolifanya. Msimu huu wote, hakuna hata mstari.

Nilitukana kwa sauti. Programu yetu ya Java, kila inapowashwa, husoma kwanza faili dogo la maelekezo: iandike nini, iandike wapi. Ognjen aliyeitengeneza aliliweka faili hilo kwenye folda yake binafsi, ili alirekebishe kirahisi. Majira ya baridi akahamia Stuttgart, Ujerumani, kama wenzake wote. Budimir akawaka. "Futeni kila kitu chake! Isibaki hata harufu yake!" Nilimwambia asubiri nikague kwanza. Akaleta fundi mwingine, akafuta folda nzima.

Tulipoiwasha upya mwanzo wa msimu, programu ililitafuta faili, ikalikosa, na haikulalamika. Iliendelea na kazi ikiandika hitilafu kubwa tu, na kufuta jasho la mkulima kwake si hitilafu. Mashine inayokufa naielewa. Hii inayokosa maagizo kisha inajifanya nzima, ningeipiga teke.

Niliandika faili jipya, nikalifungia ndani ya programu yenyewe pasipofikiwa na hasira za mtu, nikaizima na kuiwasha. Foleni ikasimama. Wakulima wakanitukania mama.

"Milisav, ndugu yangu," Stamenka akasema, "usipopata kitu niambie nichukue mkoba wangu mwenyewe. Sitaki kusindikizwa mbele ya watu."

"Huendi popote. Pima."

Akapima. Alikuwa bado ameshika kreti mikono miwili mbele yangu wakati mstari mpya ulipotokea: makreti mengine ya Tadija yamefutwa, kwa jina la Stamenka, kutoka kompyuta ya ofisi ya Budimir. Mstari uliofuata, makreti yaleyale yakaandikwa ya Vukoman.

Nikamwita Budimir kutoka uani. Alisoma, akafuta jasho shingoni.

"Ni kum wangu," akasema. "Alinisimamia harusi. Kawabatiza wanangu."

"Na raspberi za Tadija kazibatiza pia."

"Izime hiyo, Milisav. Irudishe ilivyokuwa."

"Na Stamenka?"

"Aondoke leo. Nitamtafutia kitu mahali, kimyakimya."

Kimyakimya! Niligeuza skrini ikaelekea dirishani.

"Tadija! Acha kubweka, njoo usome mwenyewe!"

Budimir alirukia waya wa skrini, nikamzuia kwa bega. Tadija alisoma polepole, midomo ikitembea. Kisha akavua kofia.

"Dada Stamenka," akasema, "nilikuita neno baya mbele ya watu."

"Umeniita mara tatu."

"Basi nitaenda kumwita mwizi mwenyewe mara tatu." Akaelekea ofisini, na nusu ya foleni ikamfuata.

"Kesho usije kazini!" Budimir alinifokea huku akikimbia nyuma yao.

Stamenka alivuta kreti lililofuata, akaliweka kwenye mzani.

"Nani anafuata?"