Mzee wa Miaka Kumi na Tisa

Mume wangu ndiye aliyewapangisha chumba cha juu. Mimi ningewarudisha palepale mlangoni. Walikuja wawili, mashati meupe, tai shingoni, kibandiko cheusi cha jina kifuani, wakasema wao ni wamisionari wa Kimormoni na wangependa kukaa kwetu miezi kadhaa. Yule mrefu alinishika mkono kabla sijautoa, akajitambulisha kwamba yeye ni Mzee. Nilidhani nimesikia vibaya. Kijana wa miaka kumi na tisa, ndevu hazijaota, masikio mekundu kama ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, anajiita Mzee. Mume wangu alinieleza baadaye kwamba hicho ni cheo chao, wote huitwa hivyo. Haya. Mimi je, aliniita nani? Dada. Nina mtoto wa kuzaa anayelingana naye. Tangu siku hiyo, moyoni nikamwita Kichanga. Mwenzake, ambaye alikuwa mchache wa maneno, nilimwita Kimya, na sikuwa na ugomvi naye.

Cherehani yangu iko kibarazani, chini ya dirisha lao, kwa hiyo maisha yao niliyajua kama ninavyojua pindo la gauni. Alfajiri waliamka kwa mlio wa simu, wakapiga magoti, kisha wakaanza kujifunza lugha yetu kwa sauti, Kichanga akiitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Halafu walikaanga mayai mpaka moshi ukashuka ngazi. Chai hawanywi, kahawa hawagusi. Hilo sikulidharau, kila mtu na mwiko wake. Nililolidharau ni mtu kutumwa kuja kuiokoa dunia huku hajui kupunguza moto wa jiko. Hata pasi alipiga mbele tu. Mgongoni shati limejikunja kama karatasi iliyofungiwa samaki.

Wakitoka, wanatoka pamoja. Mmoja akiingia dukani, mwingine anasimama ubavuni kwake kama mlinzi wa benki. Mtaa mzima walibisha hodi. Watu waliwaambia kwa adabu warudi kesho, na Kichanga, maskini wa Mungu, alirudi kesho. Akimwona mwanamke amebeba ndoo, anamnyang'anya ili amsaidie; nusu ya maji inabaki barabarani, naye anatabasamu kama aliyechimba kisima.

Jumatatu ilikuwa siku yao ya kufua na kupiga simu nyumbani. Kichanga alikaa dirishani akaongea na mama yake, uso wa mama kwenye simu, sauti yote ikinimwagikia mimi chini. Hakujua kwamba kabla sijaolewa nilikaa miaka mingi mapokezi ya hoteli, na lugha yao naijua mpaka matusi yake. Alimwambia mama yake kwamba watu wa huku ni kama watoto wadogo, hawana kitu lakini wanacheka tu. Alimwambia kwamba wanaishi kwenye kibanda, lakini kibanda chenye upendo. Nyumba ya ghorofa, vigae mpaka bafuni, nyaya zote mume wangu kazivuta kwa mkono wake kwa kuwa ni fundi umeme. Kibanda. Nilijichoma sindano kidoleni.

Sasa aje shemeji yangu. Huyu ni mdogo wake mume wangu, mtaani wanamwita Mheshimiwa kwa sababu ya suti yake na kwa sababu hajawahi kuonekana akifanya kazi. Alipowaona wale vijana, macho yalimwaka. Akaacha bia kwa mlango wa mbele, akawa anainywa kwa mlango wa nyuma. Akaja sebuleni kwangu kufundishwa dini, akajifunza kutoa machozi kila Kichanga alipofunga kitabu. Jikoni aliniambia mwenyewe, huku anadokoa sufuria, kwamba yule mtoto ni tiketi: akibatizwa tu, baba wa kijana atamwalika kwao na kumtafutia kazi. Nilimwambia ni mjinga. Akasema wanawake hatuoni mbali.

Jumatatu iliyofuata nikamsikia Kichanga akimwambia mama yake kwamba amemtoa mlevi mmoja mtaroni, mtu mzima ambaye bila yeye angepotea kabisa. Mama alilia kwa furaha. Mimi nikashona mkono wa kushoto pahala pa mkono wa kulia. Nikamweleza mume wangu mambo yote mawili. Akasema niwaache, kila mmoja kampata wa kufanana naye.

Wiki ya ubatizo shemeji aliomba kikao. Tukaketi mezani sote, wali na kuku, kisha akatangaza kwamba ana jambo zito na hataki lipotee njiani, kwa hiyo mimi nitafsiri.

"Shemeji yangu lugha yenu anaijua vizuri sana," alimwambia Kichanga. "Alifanya kazi hotelini."

Nilimwona Kichanga anaangalia kibarazani, kisha anaangalia juu. Masikio yakaiva.

Shemeji akaanza mbali, kiu ya roho, nuru aliyoiona, mpaka akafika kwenye mwaliko, nauli na kazi. Nikatafsiri bila kuongeza wala kupunguza. Nilipomaliza, nikaendelea kwa lugha ya kijana.

"Wewe ni tiketi yake. Aliniambia hapo jikoni."

Kisha nikamgeukia shemeji kwa lugha yetu. "Na yeye anamwambia mama yake kwamba amekuokota mtaroni, na kwamba sisi sote ni watoto. Na hapa unapokula ni kibandani."

Kimya akaweka kijiko chini, akasema kwa lugha yetu, safi kuliko nilivyotegemea, "Ni kweli. Nilimwambia aache kusema hivyo."

Shemeji alisimama, akasema hajapata kudhalilishwa namna hii katika nyumba ya kaka yake, akachukua paja la kuku, akaondoka.

Kichanga akanigeukia. "Dada, kwa nini hukusema kwamba unaelewa?"

"Hukuniuliza. Na mimi si Dada, nina umri wa mama yako."

Akasema, "Lakini mimi nawapenda watu wa hapa."

"Unatupenda kama mtu anavyopenda paka," nikamwambia.

Alilia palepale, mbele ya sahani. Kimya akampeleka juu. Mume wangu alininunia siku nyingi. Alisema yule ni mtoto wa watu, yuko mbali na kwao, ningeweza kumwita pembeni. Ningeweza. Sikutaka.

Ubatizo haukuwepo. Shemeji sasa anamfuata bwana mmoja anayeahidi kuwapeleka watu nje kucheza mpira, na tumbo lake lile. Kichanga aliendelea kutoka kila asubuhi na kubisha hodi zilezile. Simu ya mama akaihamishia bafuni.

Siku moja alikuja kibarazani na suruali iliyochanika gotini, Kimya nyuma yake. Aliniamkia vizuri, akasubiri nishone. Kisha akauliza kazi ya hotelini ilikuwaje. Nikamsimulia wageni waliokuwa wakinipigia makofi kuniita, wakinisema mbele yangu kwa lugha yao, wakidhani mimi ni samani. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa chini. Nikaanza kufikiri kwamba labda kuna mtu humo ndani. Nilipomkabidhi suruali, akanikaribisha kanisani Jumapili.

Walihamishiwa mji mwingine kabla ya mvua. Mume wangu aliwabebea mabegi mpaka kituoni. Kichanga aliniita Mama, akanipa mkono, nikaupokea, nikamtakia safari njema, kisha nikapanda juu kusugua masizi ya mayai ukutani.