Albamu ya Pili ya Kundi la Makoro

Jumatatu asubuhi Ferdinand aliegemeza godoro kwenye dirisha la studio yake, pale Katindo mjini Goma, ili kelele za pikipiki zisiingie, kisha akawaambia kundi la Makoro waanze.

Walikuwa watatu: Laurence mwimbaji, Bulonza wa gitaa na Théogène wa ngoma. Walipiga punk, muziki wa mbio na makelele, kila wimbo ukiisha kabla chai haijapoa. Albamu ya kwanza walikuwa wameirekodi nyumbani kwa Théogène, huko Buhene, na nyumba hiyo ilimezwa na volkano mwezi wa tano mwaka 2021, ngoma zikiwa ndani. Sasa ulikuwa mwanzo wa 2023. Waasi walikuwa wameshika Rutshuru, barabara ya kaskazini ilikuwa imefungwa, na albamu ya pili ilipigwa kwa ngoma za kuazima kanisani.

Wazazi wa Laurence walikuwa wamebaki upande wa pili, Kalengera, kijiji kilicho kando ya barabara hiyo. Mnara wa simu wa kule ulikuwa umeangushwa, na tangu mwezi wa kumi hakuwa amesikia lolote kuwahusu.

Wimbo wa kwanza uliuliza nani amekula leo. Baada ya swali waliacha nafasi, ili baadaye waite marafiki waje kupiga kelele hapo. Ferdinand aliporudisha wimbo wausikilize, nafasi ilikuwa imejaa. Wanawake kadhaa walijibu kwa pamoja: "Siye hapana." Nyuma yao kuku alilia.

Ferdinand aliangalia waya zake moja baada ya nyingine, akasema hakuna tatizo, ila mama mmoja amesimama karibu mno na mikrofoni. Laurence aliomba arudishe tena. Yule wa karibu alikohoa kidogo kabla ya kuimba, jinsi mama yake, Mama Eugénie, alivyokohoa kanisani kabla ya kila wimbo.

"Ni mama," Laurence alisema.

"Basi umuambie arudi nyuma kidogo," Ferdinand alisema.

Wakatunga wimbo wa kumwambia hivyo, na safari hii sauti ilikaa vizuri.

Kuanzia hapo albamu ikawa ya maswali. Bulonza, aliyezaliwa upande wa Bukavu na hakuwa na ndugu Kalengera, ndiye aliyekuwa na hamu kuliko wote. Alitaka kujua kama kule mvua inanyesha. Wanawake wakajibu kwamba inanyesha sana, na chini ya sauti zao mabati yalisikika yakipigwa, wakati Goma jua lilikuwa kali. Ilibainika kwamba hawajibu mtu anayezungumza tu; lazima wimbo upigwe wote, kwa kasi yake yote. Ukipunguzwa, walinyamaza.

Habari zilienea mtaani. Joviale, muuza nyama wa jirani, alikuja kuuliza kuhusu ng'ombe aliyemwacha kule akiwa na mimba. Walimpigia wimbo. Jibu lilikuwa kwamba ng'ombe alizaa vizuri, na wenye bunduki wakamla yeye na ndama. Joviale alishukuru, akaomba nakala kwenye flashi.

Théogène ndiye aliyeuliza mbona hakuna mwanamume anayejibu. Bulonza alidhani pengine wazee hawapendi muziki wa aina hii. Siku kadhaa Laurence alitunga nyimbo za bei ya chumvi na za shule kufungwa, na kila mara aliimba kwa nguvu kuliko jana. Mwishowe Théogène aliweka fimbo zake chini.

"Dada, uliza kuhusu papa yako," alisema. "Siye tutapiga."

Wakapiga. Jibu lilikuwa refu, Théogène akalazimika kuzungusha mdundo uleule mpaka mikono ikamuuma. Wanawake walieleza kwamba wanaume walikusanywa siku ya soko wabebe masanduku ya risasi mlimani. Muzee Nsanzimana, baba yake Laurence, alibebeshwa mawili. Hakuna aliyerudi. Kisha wengine walinyamaza, akabaki mama peke yake.

"Laurence, usipige makelele sana na shingo," alisema. "Utapoteza sauti."

Laurence alisikiliza akiwa ameketi juu ya spika, mikono katikati ya magoti. Aliomba maji, akanywa, akaomba wimbo urudishwe.

Walipeleka wimbo kwenye ofisi moja mjini inayoshughulikia mambo ya raia. Bwana wa pale aliweka vifaa vya kusikilizia masikioni, mguu wake ukafuata ngoma. Alisema anaamini kila neno. Alieleza kwa upole kwamba ofisi ina habari za namna hiyo nyingi, kutoka vijiji vingi, na nyingine zimeletwa na watu waliofika kwa miguu. Akauliza albamu itatoka lini, binti yake angeipenda.

Wimbo wa mwisho ulirekodiwa Ijumaa ya wiki ya pili. Haukuwa na swali, ulikuwa wa kuaga tu. Ferdinand alichelewa kuzima mashine, na waliporudisha, baada ya gitaa kufa, Mama Eugénie alikohoa.

"Huko Goma watu," aliuliza, "banajua?"

Bulonza na Théogène walimtazama Laurence. Théogène alisema wanaweza kuukata wimbo hapo, hakuna atakayegundua. Laurence alisema ameulizwa na mama yake. Akasimama mbele ya mikrofoni, wakapiga wimbo wote upya, kwa mbio kuliko zote walizowahi kupiga, na mwishoni akaimba neno moja.

"Banajua."

Waliporudisha, hakuna mtu aliyejibu. Ilisikika tu punje moja moja ya maharage ikidondoka kwenye beseni, mtu akichambua.

Ferdinand aliuliza kama aondoe hiyo sauti ya maharage.

"Uache," Laurence alisema.

Albamu ilitoka kabla ya Pasaka. Ilipendwa sana. Katika baa za mtaa wa Birere watu waliicheza wakiwa wamesimama juu ya viti, na walipofika kwenye maharage walingoja kimya mpaka yaishe, kisha wakaomba ianze tena.